Ukweli Uliovikwa Koti



Leo sitaanza na somo la Dominika. Nitaanza na nyonga ya bibi yangu. Tutapita hospitali, tutapita maabara za watu huko Ulaya na Marekani, tutapita kidogo darasani kwetu seminarini, halafu tutarudi jikoni kwa Bibi. Atakayechoka njiani apumzike, tutamkuta.

Nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji, masika yamekolea, Bibi akateleza uani alipotoka kuwafungulia kuku. Aliangukia ubavu. Mfupa wa paja ukavunjika juu kabisa, kwenye ile shingo inayoingia kwenye nyonga. Kwa mzee, mfupa ukikatika hapo mara nyingi kichwa chake kinakosa damu, na hauungi hata mtu akilala kitandani mwaka mzima. Wanachofanya madaktari ni kukiondoa kile kichwa na kuweka cha chuma, chenye mkia mrefu unaoshindiliwa ndani ya mfupa wa paja. Mgonjwa asipofanyiwa hivyo anabaki kitandani, na kitanda kinamletea vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu. Tunawajua wazee waliokwenda hivyo.

Shida ilikuwa Bibi mwenyewe. Alishasema miaka mingi kwamba chuma hakitaingia mwilini mwake. Kijijini kuna mzee aliwekewa chuma mguuni, pakaoza, mguu ukakatwa, na Bibi ni mmoja wa waliokuwa wakimpelekea uji. Alikuwa na sababu ya pili pia, ila hiyo nilikuja kuisikia baadaye sana, kwa kuwa siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Mama na wajomba wakakaa kikao nje ya wodi. Mkimwambia chuma atagoma, na akigoma tutamzika. Macho yakanigeukia mimi, Frateri wa ukoo. Bibi naye aliniita. Huwa ananiita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kiume, na tangu niingie seminari huongeza kwamba nilimwacha nikaoa Kanisa. Siku ile hakutania. Alinishika mkono akaniuliza, "Frateri, wewe huwezi kunidanganya. Wananiwekea chuma?"

Nikajibu, "Bibi, wanaunganisha mfupa."

Akatoa dole gumba, akapaka wino, akaweka alama kwenye fomu ya ridhaa.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini usiku ule nililala usingizi. Nina shahada ya falsafa, na mtu mwenye shahada ya falsafa anaweza kujitetea mbele ya dhamiri yake kuliko wakili. Nilijiambia kwamba sikusema uongo, kwa sababu nilichokisema kilikuwa kweli kabisa. Daktari mwenyewe alikuwa amenionyesha.

Daktari yule wa mifupa, kijana asiyetuzidi sana umri, alikuwa ametoa kipandikizi cha mfano tukishike. Mkia wake ulikuwa wa madini ya titani, lakini sehemu ya juu ilikuwa nyeupe, inakwaruza kidole kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikadhani ni rangi. Akaniambia hapana, huo ni utando wa haidroksiapataiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana sana na yale yaliyomo kwenye mifupa yetu. Takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa wako ni madini ya aina hiyo. Kiwandani unga wake hurushwa kupitia mwali wenye joto la maelfu ya digrii, ukigonga titani unaganda. Unene wake haupiti sana ule wa unywele. Vipandikizi vya nyonga vyenye utando huo vilianza kuwekwa kwa wagonjwa Ulaya miaka ya 1980.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu kinga ya mwili haina sikukuu. Ukiingiza kitu kigeni, ndani ya sekunde chache protini za damu zinakimbilia kukigandia. Leo Vroman, mtaalamu wa damu wa Marekani mwenye asili ya Uholanzi, alichunguza jambo hilo akaona kwamba protini zile zinapishana: zinazotangulia kufika hubanduliwa na zinazochelewa, moja inatoka nyingine inashika nafasi. Seli za kinga zikija baadaye hazikutani na chuma chenyewe. Zinakutana na lile vazi la protini ambalo mwili wenyewe umekivisha. Zikilisoma vazi lile na kuona mgeni asiyeeleweka, zinajaribu kumla. Zikishindwa, zinaungana kuwa seli kubwa zaidi. Zikishindwa tena, mwili unajenga ukuta wa kovu kumzunguka mgeni, umtenge. Kwa vifaa vingine ukuta huo hauna neno. Kwa nyonga ni balaa, maana chuma kilichozungushiwa kovu nene hakishiki mfupa, kinacheza, na kila hatua inauma.

(Waliosoma falsafa watakumbuka kanuni ya walimu wa zamani, kwamba kitu hupokelewa kwa kadiri ya yule anayekipokea. Nilipoisoma darasani niliona ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe damu yangu inaifanya kazi kila siku.)

Titani ina hadithi yake. Mwaka 1952, huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alipandikiza vifaa vidogo vya titani ili aone kinachoendelea. Utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Siri ni kwamba titani ikikutana na hewa hujivika yenyewe utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwili haugusi titani tupu. Unagusa utando ule, nao ni mtulivu, hauugombezi mwili.

Haidroksiapataiti inakwenda mbele zaidi. Seli zinazojenga mfupa zikiufikia utando ule zinakuta madini zinayoyajua, zinaanza kujenga juu yake. Wiki kadhaa baadaye mfupa umeshikana na kipandikizi bila saruji. Utando wenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka, mwili unaweza kuula, na mfupa unazidi kukaribiana na titani.

Mmeona sasa? "Wanaunganisha mfupa." Hakuna neno la uongo hapo. Mfupa uliungana kweli, ila uliungana na kile alichoniuliza.

Miezi minne ilipita vizuri. Bibi alitembea na fimbo, akaenda jumuiya, akahudhuria mkutano wa WAWATA parokiani. Watu wakamshukuru Mungu, na mimi nikapokea pongezi zangu. Hospitali walikuwa wametuelekeza asikae chini sana, asikunje nyonga kupita kiasi, asipachike mguu mmoja juu ya mwingine, kwa sababu kile kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka kwenye nyonga. Sisi tukamwambia nusu: "Bibi, usikae kwenye kigoda." Kwa nini? "Daktari kakataza." Mwanamke aliyepikia kwenye kigoda miaka sitini unamwambia hivyo, yeye anaelewa kwamba wakwe wanataka kumtoa jikoni kwake. Siku moja watu wako shambani, akavuta kigoda, akainama kuchochea kuni. Nyonga ikachomoka.

Kwenye chumba cha eksirei fundi akaibandika picha kwenye mwanga, na kwa nia njema kabisa akasema, "Bibi, chuma chako kimetoka mahali pake, watakirudisha." Bibi akaitazama picha. Mnajua eksirei ilivyo: mfupa unaonekana kijivu hafifu, chuma kinawaka cheupe. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Hakupiga kelele. Waliirudisha nyonga, akalala, na jioni nilipofika akaniuliza swali moja tu: "Ukishapata upadre, na mimi nikaja kuungama kwako, utaniambia umenisamehe kumbe umeunganisha mfupa?"

Nimebeba swali hilo mpaka leo niko mwaka wa kwanza wa teolojia.

Basi tulitafakari pamoja. Kufunika kitu ili kipokelewe, ni kudanganya? Ukijibu haraka kwamba ndiyo, utakuwa umeilaumu nusu ya tiba ya siku hizi. Kuna chembe za dawa ndogo kupita kiasi, za ukubwa kama nanomita mia moja, ambazo zikiingia kwenye damu zikiwa tupu hukamatwa upesi na seli walinzi za ini na wengu. Watafiti wakazivika nyuzi za kitu kinachoitwa kwa kifupi PEG. Nyuzi hizo zinapenda maji, zinajizungushia wingu la maji, na protini zinakosa pa kushika. Mlinzi anapitwa bila kushtuka. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliyoidhinishwa Marekani ni Doxil, mwaka 1995, kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI, saratani ambayo huku kwetu Afrika Mashariki tunaifahamu kwa machungu. Dawa ni kali, ila ikiwa ndani ya vifuko vya mafuta vilivyovikwa koti hilo huzunguka kwenye damu kwa siku, siyo dakika. Hata chanjo za Uviko-19 za Pfizer na Moderna zilikuwa na kiasi kidogo cha PEG kwenye matone yake ya mafuta. Wakati ule kwenye magrupu ya WhatsApp watu walikuwa wanatafuta chipu, PEG iliyoandikwa waziwazi kwenye orodha ya viambato hawana habari nayo.

Ukilinganisha makoti haya mawili utaona tofauti. Lile la nyonga linaongea na mfupa kwa lugha ya mfupa ili wajuane. Lile la PEG linafanya mgeni asitambuliwe. Nilipolielewa hilo nilifurahi sana, nikadhani nimepata jibu la insha nzima: koti la kwanza zuri, koti la pili baya. Haikuchukua muda nikaona nimekosea. Mgonjwa wa Kaposi anayepona kwa dawa iliyojificha hajadanganywa na mtu. Mtakatifu Augustino anasema kiini cha uongo ni kuwa na jambo moja moyoni na kutamka jingine kwa nia ya kudanganya. Mtakatifu Thomas wa Akwino anakazia kwamba uongo ni neno linalopingana na akili ya msemaji. Kwa wote wawili uongo unahitaji msemaji na msikilizaji, nafsi kwa nafsi. Seli ya ini haisikilizi. Haihukumu wala haitoi ridhaa, na hakuna ahadi niliyoivunja kwake. Kuificha dawa isionwe na ini hakuna tofauti na kutundika chandarua: mbu hajasemwa uongo. (Na mwili nao si mjinga. Watafiti waliwapa wanyama dozi ya pili ya chembe zilizovikwa PEG, wakaona zinaondolewa kwenye damu haraka kuliko za kwanza, kwa sababu kinga ilikuwa imeshatengeneza silaha dhidi ya koti lenyewe.)

Kwa hiyo mwili unaweza kufichwa kitu kwa halali. Mwenye mwili ni habari nyingine.

Papa Pius XII, Septemba 1952, mwaka uleule wa sungura wa Brånemark, alizungumza na madaktari akawaeleza kwamba daktari hana haki juu ya mgonjwa kupita ile ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Ridhaa ndiyo mlango. Ridhaa ya Bibi ilikuwa dole gumba, na dole gumba lile lilisimama juu ya sentensi yangu. Alikubali kitu kimoja, tukamwekea kingine.

Nilikimbilia vitabuni kutafuta pa kujificha. Zamani kulikuwa na wanamaadili waliofundisha kwamba mtu akiulizwa, "Umemwona fulani?" anaweza kujibu "Sijamwona" na kumalizia moyoni "leo asubuhi", akawa hajasema uongo kwa sababu Mungu ameisikia sentensi nzima. Papa Inosenti XI aliyakataa mafundisho hayo mwaka 1679. Nikasema sawa, lakini yangu siyo hiyo, mimi sikumalizia chochote moyoni, maneno yangu yalijitosheleza. Nikafungua Katekisimu namba 2489, inayosema kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Nikafurahi kwa kama dakika moja. Ni nani duniani mwenye haki ya kujua kilichomo kwenye paja la Bibi kuliko Bibi? Hata nikisema kwamba kwa kipimo cha Thomas neno langu halikupingana na akili yangu, Thomas huyohuyo ana mahali pengine anapoongelea werevu wa uongo, ile hila inayovaa sura ya busara. Nilikwepa swali la 110 nikaangukia la 55. Waliosoma Summa wananicheka.

Mtu atauliza: mbona sisi Waswahili tunafunika maneno kila siku, na ni adabu? Ndiyo, tuna tafsida. Mzee "amepumzika". Binti "ni mjamzito", hatusemi lile neno jingine. Msiba ukitokea, mtoto aliyeko mbali haambiwi kwenye simu hivihivi, anaambiwa "njoo nyumbani, baba hajisikii vizuri", na anapokewa stendi na shangazi. Siamini kwamba hayo yote ni uongo. Ukiyatazama vizuri, tafsida inafanya kazi ileile ya ule utando mweupe. Anayeambiwa "baba amepumzika" anajua baba amekufa. Koti limemsaidia habari iingie bila kumchana, lakini habari yenyewe imeingia. Na yule wa stendi, shangazi hatamwacha apande kitanda usiku ule bila kujua. Sentensi yangu kwa Bibi ilivaa kama tafsida, ila kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba habari haifiki. Nilimfanyia bibi yangu kile ambacho PEG inaifanyia seli ya ini. Nilimpita kama mlinzi, wakati yeye ndiye mwenye nyumba.

Mama yangu hajakubaliana na mimi, na sitaki niwafiche kwamba hoja yake ni nzito. Aliniambia, "Ulitaka tumzike na ukweli wako?" Sina jibu kamili. Bibi anatembea. Lakini kile kigoda kinanikumbusha kitu ambacho kikaoni hatukukifikiria: kinachopandikizwa mwilini siyo tendo la siku moja, mtu anaishi nacho, na kuishi nacho kunahitaji akijue. Tazama wenye moyo waliowekewa stenti, vile vijineli vya kupanua mishipa. Marekani waliidhinisha mwaka 2003 stenti iliyopakwa dawa ya kuzuia mshipa usizibe tena. Dawa ileile ikawa inachelewesha mshipa kukifunika kile chuma kwa utando wake wenyewe, na chuma kisichofunikwa kinaweza kugandisha damu hata baada ya muda mrefu. Ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa wasiache vidonge vya kuzuia damu kuganda bila kumwuliza daktari. Mfiche mtu huyo kilichomo kifuani mwake, atavitupa vidonge siku atakayojisikia vizuri.

Likizo ya Krismasi nilikwenda kwa Bibi na ile picha. Nikamwomba msamaha kwanza, bila falsafa. Halafu nikamweleza kila kitu: titani, utando mweupe, mfupa unavyouvamia. Alisikiliza, kisha akaanza maswali. "Hiyo chokaa wameitoa kwenye mifupa ya nani?" Ya kiwandani, Bibi. "Una hakika?" Nina hakika. Ndipo akatoa ile sababu ya pili. Alikuwa akiwaza siku ya ufufuko. Padre wa zamani aliwafundisha kwamba tutafufuka na miili yetu hii hii, na yeye hakutaka asimame mbele ya Mungu nusu mtu, nusu jembe.

Aisee. Mwaka mzima nilikuwa nikisoma juu ya nafsi na mwili, na swali lenyewe lilikuwa kwenye kitanda cha wodi, nikalipita. Nikamwambia kweli kwamba Kanisa linafundisha tutafufuka na miili yetu, ila halijasema kitu juu ya chuma. Nikamwambia pia kwamba Papa Yohane Paulo II, yule ambaye mwaka 1990 yeye Bibi alipanda lori na akina mama wenzake kwenda kumwona, alianguka mwishoni mwa Aprili 1994 akavunjika mfupa wa paja, na madaktari wa Roma wakamwekea nyonga ya bandia.

Bibi akanitazama muda mrefu. "Kumbe na Baba Mtakatifu alikuwa nacho."

"Ndiyo, Bibi."

"Na siku ile hospitali ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

"Mngeniambia chuma, siku ile ningekataa," akasema. "Siku ya pili ningekubali. Hamkunipa siku ya pili." Akaipapasa nyonga yake juu ya khanga. "Haya, aliyeumba mfupa si ndiye aliyeumba na hayo madini. Atajua mwenyewe."

Siku hizi jikoni kwake kuna kiti kirefu cha mninga alichochongewa na mjomba, na kigoda kimepewa kuku wa kutamia. Juzi alinipigia simu. Kuna mama wa jumuiya yake amevunjika nyonga, watoto wake wanazunguka zunguka, na Bibi amewaambia wasimwambie kitu mpaka mimi nifike Jumamosi.

"Uje na picha yangu," akasema. "Na ukikaa pale kitandani, usianze na mfupa. Anza na chuma."